Msinirithi, Mimi ni Mzima

Gerezani, Dar es Salaam

Kwa dada yangu Tabu, mlimani, juu ya Mkuyuni.

Shikamoo dada. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na kwamba mvua zimekukuta umekwisha kulima ule mteremko wa juu unaokusumbua kila mwaka. Mimi ni mzima. Katika barua za watu wengine maneno hayo ni adabu tu, lakini katika hii ndiyo habari yenyewe, na namwomba mwalimu anayekusomea ayarudie kwa sauti: Kobelo ni mzima. Anapumua, anakula, anakohoa kidogo, na amekasirika. Nasikia huko nyumbani mmenilia, mmenyoa nywele, mmekaa matanga, na kwamba kabla mavuno hayajaisha mtamvika mwanao Salehe bangili ya ukoo na kumpa jina langu. Jina langu, dada, nami bado nalitumia!

Nikueleze nilivyopata habari ya kifo changu. Unamjua Mharami, mtani wa ukoo wetu, muuza chumvi wa pale sokoni Mkuyuni. Mwaka jana tulifungwa naye humu humu, shingo zetu kwenye mnyororo mmoja. Yeye akatoka, mimi nikabaki. Nilimwambia, "Mwambie dada yangu nipo, wasiwe na wasiwasi." Akaapa kwa mama yake kwamba ataufikisha ujumbe. Basi juzi lango limefunguliwa, wanaingizwa wafungwa wapya, na wa kwanza kuingia ni Mharami. Safari hii walimkamata abebe mizigo ya mzungu mmoja mpaka pwani, na walipokaribia kufika akachoka akalitupa chini sanduku la chupa. Mnyapara akamleta kwenye mnyororo wetu, akamfunga nyuma yangu. Aliponiona akashika mdomo.

"Ala! Maiti yangu hii hapa, tena imenona!"

"Maiti gani?"

"Wewe, bwana. Tumekuzika. Mwili hatukuwa nao, tukazika mgomba. Mimi mwenyewe ndiye niliyeingia kaburini kuupokea, si ndiyo kazi ya mtani? Ulikuwa mzito, wallahi. Lakini ulikufa vizuri. Watu walikuja mpaka kutoka ng'ambo ya mlima."

Nikadhani jua limemwingia kichwani. Kumbe wapi. Alipofika Mkuyuni na kutandika chumvi yake, alikuja mwanamke mmoja, mke wa jirani yenu, aliyeolewa juzi juzi kutoka Gairo. Akamwuliza kwa heshima zote, "Baba, hukumwona Kobelo huko pwani?" Mharami akajibu kama mtani yeyote anavyojibu akiulizwa habari za mtani wake: "Kobelo? Nimemfukia mwenyewe mchangani, na mkono mmoja umebaki nje unaomba tumbaku." Mtu wa mlimani angecheka, akamrudishia tusi lake, akanunua chumvi akaenda zake. Yule mwanamke wa watu hakujua kwamba tuna utani na ukoo wa Mharami. Angejuaje, kwao Gairo wana watani wao. Akaangusha kikapu, akapanda mlima analia. Mharami alipomaliza kuuza na kufika kwenu, vilio vilikwisha jaa uani.

"Kwa nini hukuwaambia kwamba ni mzaha?" nikamwuliza.

"Ningewaambiaje? Mbuzi alikwisha chinjwa."

Dada, nilitaka kumng'ata sikio, nalo lilikuwa karibu kabisa na meno yangu. Lakini mtani hakasirikiwi, wewe wajua. Akichukua kuku wako unacheka, akikutukania marehemu wako unacheka, akikuua wewe mwenyewe itakubidi ucheke pia. Basi nikacheka, na mnyapara akanichapa kwa kucheka kazini. Tangu siku hiyo nalala na Mharami, naamka na Mharami, na nikienda kujisaidia naye yuko nyuma yangu anauliza kama maiti zote huwa zinachukua muda wote huo.

Ninyi lakini si watani zangu, ninyi naweza kuwakasirikia. Hakupatikana hata mtu mmoja wa kutumwa aje kuuliza? Tangu lini mimi nikawa mtu wa kufa kimya kimya? Na wewe dada, unajua kabisa Mharami hajapata kusema neno la kweli tangu aote meno, na bado ukalia. Naambiwa ulilia mpaka sauti ikakauka, wakawa wanakulazimisha kunywa maji. Hilo limenigusa moyo, na kwa hasira nilizo nazo siwezi hata kulifurahia vizuri.

Na nife vipi, baada ya yote niliyopitia? Kama kufungwa kungekuwa kunaua, ningekuwa nimekwisha oza. Mara ya kwanza, unakumbuka, ilikuwa pamba ya akida. Tulilazimishwa kulima shamba lake huku mahindi yetu yakiliwa na nguruwe. Nikasema zile mbegu zichemshwe kabla ya kupandwa, tuone zitaotaje. Mimi nilisema tu. Aliyeweka chungu jikoni ni wewe, tena ulikuwa ukichochea kuni huku unaimba. Pamba haikuota. Nikapelekwa boma la Morogoro, nikalazwa kifudifudi, nikala viboko hamsa ishirini. Ukaja kuniletea uji, ukakaa kando yangu, ukaniambia, "Angalau haikuota."

Mara ya pili sikufanya kitu. Ama nilifanya, lakini kidogo. Nilikwenda Gairo nikawaambia watu wa huko kwamba sisi wa mlimani hatutoki tena kulima barabara kwa njaa, na wao wakitaka wasitoke. Tulikuwa tumekaa uani tunamenya karanga. Tangu vile vita vya maji, Mdachi akiona watu wamekaa pamoja wameinamia bakuli, anadhani wanakoroga dawa ya kugeuza risasi. Askari wakaruka ua. Bakuli la karanga likachukuliwa kupelekwa boma la Kilosa liwe ushahidi, na askari wakautafuna ushahidi wote njiani. Nilifungwa hivyo hivyo.

Baada ya hapo imekuwa ni mawe tu. Wanapita mlimani wakipanda mawe yaliyopakwa chokaa, wakisema juu ya mawe ni msitu wa Serikali, chini ya mawe ni kwetu. Huko juu walipewa na nani? Juu ndiko walikolala wajomba zetu, ndiko tunakopeleka tambiko mvua ikigoma. Nikayang'oa mawe nikayapandisha juu zaidi. Wakayarudisha, wakanifunga. Nikatoka, nikayang'oa. Wakanifunga tena. Safari hii Bwana Shauri, mzungu mkuu wa boma, akasema Morogoro ni karibu mno na yale mawe, akanileta huku pwani, ambako kutwa nzima nagonga mawe ya barabara. Ningesema ananitania, ila hana utani na sisi.

Na kinachonichosha kuliko kiboko, dada, kuliko hili joto la pwani na mbu wake na hawa wenyeji wanaotuita washenzi, ni watu wetu wenyewe. Nikikamatwa wanasema, "Pole sana Kobelo," wanarudi ndani. Nikitoka wananichinjia jogoo, wananishangilia, wananiuliza, "Haya, sasa tufanye nini?" Nikisema twendeni tukang'oe mawe, kila mtu ana jipu mguuni. Sijapata kuona mlima wenye majipu mengi namna ile.

Sasa sikiliza neno lenyewe lililonifanya niandike. Simamisheni hiyo sherehe. Sisemi kwa wivu, ingawa wivu ninao. Nakumbuka siku nilipovikwa mimi ile bangili, matanga ya mjomba yalipokwisha. Nilikalishwa kwenye kiti chake, wazee wakaniambia: tangu leo wewe ndiye Kobelo, ugomvi wake ni wako, maneno yake ni yako, na jina la utotoni limekwisha. Hakuna aliyeniita Shomari tena, isipokuwa wewe ukikasirika. Sikujuta. Lakini siku hizi jina hili limo kinywani mwa akida kila asubuhi. Mdachi hajui kwamba Kobelo hufa na Kobelo mwingine akasimama. Kwake Kobelo ni mtu mmoja, mwenye makovu mgongoni, anayeng'oa mawe. Siku Salehe atakapoliitikia jina hilo sokoni, watamvua nguo wayatafute makovu, na wasipoyaona watamtia. Ana mke mchanga na mtoto ndiyo kwanza anatambaa. Ni mwanao, dada. Humwonei huruma?

Na kama anatamani kiti na migomba yangu, mwambie asubiri. Nikifa kweli nitatuma mtu mwenye akili aje kuwaambia.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika Jumapili iliyopita, nikaificha karatasi chini ya mkeka. Leo ni Jumapili tena, hatugongi mawe, naendelea. Nimesoma niliyoandika na ninatamani kuyafuta, lakini karatasi ni hii moja tu, niliipata kwa karani kwa kumfulia kanzu, na hatanipa nyingine. Basi yabaki. Ila dada, mambo yamegeuka.

Mchana mmoja, tumekaa kivulini tunagawiwa muhogo, nikamwambia Mharami kwamba naandika barua kusimamisha sherehe, na kwamba yeye ndiye atakayeipeleka, kwa kuwa kifungo chake ni kifupi. Akaacha kutafuna.

"Usiisimamishe," akasema.

"Kwani wewe ni nani katika ukoo wetu?"

"Mtani wenu. Sikukwambia yote. Nilitaka ucheke kwanza."

Akaniambia kwamba mkiwa bado kwenye matanga yangu, akida alikuja uani na neno la Bwana Shauri. Mavuno yakiisha, wazungu watapanda mlimani kupima kwa mara ya mwisho. Kila ukoo usimamishe mwenyewe wake kwenye makaburi, awataje waliolala hapo. Ukoo wenye mtu wa kuwataja, mawe yatapita upande wa juu wa makaburi yake, yabaki mali ya ukoo. Ukoo usio na mtu, basi ardhi yake haina mwenyewe, na ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Kaisari, mpaka chini mtoni. Mpaka mtoni, dada! Hapo katikati ni mteremko wako, ni nyumba yako, ni migomba yote. Wazee wakasema wafu wetu hutajwa na aliyevaa bangili peke yake, sauti nyingine hawaitambui. Na aliyevaa bangili amekufa. Wapwa wote wakatazama miguu yao, nadhani wakitafuta majipu. Ndipo Salehe aliposimama.

"Alisemaje?" nikamwuliza Mharami.

"Alisema, 'Najua jina hilo lina mnyororo wake. Nipeni.'"

Na wewe, naambiwa, ulitoka jikoni na chungu mkononi, ukamtazama mwanao, ukarudi ndani. Hayo ulikuwa unayajua wakati wote. Mimi hapa nikakuandikia maneno ya kukuuliza kama humwonei huruma, na juu yake nikamwita mtoto wako mwenye tamaa ya migomba. Uniwie radhi kwa hilo. Nililia, sikuficha. Mharami akageuza uso kadiri mnyororo ulivyomruhusu.

Nimelipindua jambo hili kila upande. Nikiwa hai, Salehe havikwi. Wazee wetu nawajua mimi. Wakisikia Kobelo anapumua, hata kama anapumulia gerezani, wataificha bangili na kusema tumsubiri mwenyewe. Watanisubiri pale makaburini, nami niko huku, na wazungu watawahesabu kuwa hawana mtu. Kifungo changu hakiishi kabla ya mavuno, na nikiuliza kitaisha lini naongezewa kazi. Maana yake ni kwamba katika ukorofi wangu wote, na viboko vyote nilivyokula, jambo la maana kuliko yote ninaloweza kuufanyia ukoo ni kufa. Na hata hilo nimefanyiwa na Mharami, kwa mzaha, akiuza chumvi! Inakera, dada. Inakera mno.

Basi nimekufa. Mvikeni.

Kwa hiyo barua hii isisikike mbele za watu. Nje nimeandika kwa herufi kubwa kwamba isomwe mlango umefungwa, na Tabu awe peke yake. Mwalimu, kama ulishindwa kungoja ukaanza kuisoma uani, Mungu anakuona. Lile neno nililokuomba ulirudie kwa sauti, naomba sasa ulisome kwa kunong'ona, kisha ulisahau. Ikiisha itiwe jikoni, chini ya chungu kile kile cha mbegu kama hakijavunjika. Mharami naye amekubali kunyamaza. Nimemwambia aape kwa kitu kingine, si kwa mama yake, maana huyo amekwisha mtumia vibaya.

Salehe usimwambie kwamba nipo. Akijua, sauti itatetemeka pale makaburini. Mwambie tu haya, kama maneno niliyoyaacha zamani: asianze na wajomba. Aanze na yule bibi wa kwanza aliyepanda mlima na jiwe lake la kusagia mgongoni, ndipo afuate mabinti zake, ndipo wajomba. Wazungu watakunja uso, wao hupenda kusikia wanaume tu. Wasubiri. Akimaliza kutaja, asing'oe jiwe hata moja mwaka huu. Akitaka kung'oa ang'oe mwakani, na asiende peke yake kama mimi mjinga. Na akida akimwuliza kama ndiye yule Kobelo wa boma, ajibu, "Yule alikufa," akimtazama usoni; humu gerezani mimi ni namba tu daftarini, hakuna atakayembishia.

Kuhusu mke wangu, Mama Zuhura, nimeshindwa. Siwezi kumwacha akae eda ya mgomba. Mwite mtoni, mkiwa wawili tu, umwambie polepole. Najua hajapata kuficha jambo maishani, hata akizidisha chumvi kwenye mboga hulitangaza mwenyewe kabla hatujaonja. Lakini hili ataliweza, kwa ajili ya wale waliolala juu. Aendelee kuvaa kaniki. Asinenepe haraka. Wakija wachumba awatukane kama kawaida yake, hakuna atakayeshangaa.

Wengine wote nawasalimu, na hizi ndizo salamu za kwanza maishani mwangu ambazo sitaki zifike. Mjomba mdogo anayetunza bangili tangu nikamatwe, shikamoo yangu kwake ibaki hapa hapa kwenye karatasi. Bibi mkunga aliyetupokea sote wawili, mpelekee ndizi mbivu, useme ni zako. Binti yangu Zuhura msuke nywele, umkande kichwa kama mama alivyokuwa akitukanda sisi, na akikuuliza kwa nini leo una upole, mwambie umechoka tu. Na yule mwanamke wa Gairo msimseme. Katika soko zima ni yeye peke yake aliyeuliza hali yangu kwa adabu.

Mnyororo huu utafunguliwa siku moja, sijui lini. Nitapanda mlima taratibu, nitapita mbele ya boma la Morogoro na hakuna atakayeniita. Mkuyuni nitamkuta Kobelo, kijana, ana watu wake, nami nitamsalimia kama msafiri anavyomsalimia mwenyeji. Nikibisha mlangoni kwako usipige kelele, na usiniite jina ulilozoea, maana litakuwa la mwanao. Niite lile lingine, hata kama siku hiyo hujakasirika.

Mimi mdogo wako,

Shomari